Ginnie Springs, Florida: Kadi, Nondo na Tochi

Ginnie Springs ni bustani ya watu binafsi iliyo kando ya Mto Santa Fe, karibu na mji mdogo wa High Springs, kaskazini mwa jimbo la Florida nchini Marekani. Wageni wake wengi huja kuogelea, kupiga kambi na kuelea mtoni juu ya maboya ya mpira, na mwishoni mwa juma wakati wa kiangazi umati wao hujaza kila kivuli cha mti. Tathmini hii haiwahusu hao. Inahusu huduma ambayo bustani hiyo inawapa wazamiaji, kwa sababu ndani ya mipaka yake zimo chemchemi za maji maangavu yanayotoka kwenye mapango marefu ya mawe ya chokaa, na mapango hayo yamewavuta wazamiaji kutoka nchi nyingi kwa zaidi ya nusu karne. Nimezamia pale nikiwa mgeni aliyelipa kiingilio chake, na kilichonivutia kuliko mandhari ni namna bustani hiyo inavyojibu swali linalowagawa wazamiaji wa kiufundi kila wanapokutana: ni nani aruhusiwe kuingia pangoni, na ni nani mwenye haki ya kuamua hivyo, mwenye mlango au mwenye mtungi wa hewa?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzama zaidi ya miamba ya pwani, inafaa kueleza kwa ufupi. Uzamiaji wa burudani una kikomo cha mita 40, na msingi wake mkubwa ni kwamba mambo yakiharibika mzamiaji anaweza kupanda moja kwa moja hadi juu. Uzamiaji wa kiufundi huanza pale ambapo uwezekano huo umeondoka. Huenda kuna dari la jiwe juu ya kichwa, au mzamiaji amekaa kina kirefu kwa muda mrefu kiasi kwamba akipanda bila kusimama njiani, gesi iliyoyeyuka mwilini itatoka kwa viputo na kumwachia ulemavu au kifo. Katika hali zote mbili tatizo hutatuliwa kule kule chini, kwa gesi iliyobaki na akili iliyobaki. Ndiyo maana vyama vya mafunzo vimeweka ngazi za kozi, na kila ngazi ina kadi yake.

Bustani ya Ginnie imegawa maji yake kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa makini. Chemchemi yenye jina la bustani yenyewe ina chumba kikubwa cha mawe kinachoitwa Ballroom, chenye kina cha kati ya mita 15 na 18 hivi, na mzamiaji mwenye kadi ya kawaida ya majini wazi, yaani ya ngazi ya kwanza ya burudani, anaruhusiwa kuingia humo, hata akiwa na tochi. Ruhusa hiyo ni ya ajabu katika eneo hilo, kwa kuwa karibu kila pango lingine huko limefungwa kwa mtu wa ngazi hiyo. Sababu yake utaiona mwisho wa chumba: pale ambapo pango halisi linaanza, mahali maji yanapotoka kwa nguvu kutoka ardhini, wenyeji wameweka wavu wa nondo. Unaweza kuushika kwa mikono miwili na kuuacha mkondo ukuning'inize mwili mzima kama bendera, ukichungulia giza lililo upande wa pili, lakini huwezi kupita. Hakuna mlinzi, hakuna hotuba, na hakuna haja ya kubishana na mtu kuhusu uzoefu wako.

Ninaupenda wavu huo kwa sababu hauchunguzi tabia ya mtu. Kadi husema kwamba wakati fulani, mahali fulani, mtu fulani aliridhika na ulichofanya, nondo hazijali. Mzamiaji anaachiwa chumba ambacho mwanga wa mchana bado unaonekana kutoka karibu kila pembe, ambacho sakafu yake haina tope jingi la kuvurugika, na ambacho hakina njia ya kumpoteza. Ndani ya mipaka hiyo anapewa uhuru kamili. Hapo wajibu binafsi una maana, kwa sababu makosa ambayo mtu anaweza kuyafanya humo kwa kawaida ni ya aina anayoweza kuyasahihisha.

Upande wa pili wa bustani kuna mfumo wa Devil's, wenye midomo mitatu: Little Devil, ambao ni ufa mrefu mwembamba, Devil's Eye, shimo la mviringo linaloshuka wima, na Devil's Ear, ulio pale ambapo mfereji wa chemchemi unaungana na mto. Ukiwa ndani ya Ear ukitazama juu, unaona maji ya mto yenye rangi ya chai ya mkandaa yakipita juu ya maji maangavu ya chemchemi bila kuchanganyika vizuri, na jua likipenya katikati. Ni mojawapo ya mambo mazuri niliyowahi kuyaona chini ya maji. Hakuna wavu hapa. Pango limefunguka, linakwenda mbali sana chini ya msitu kwa kina cha takriban mita 30, na mkondo wake ni mkali. Mtu mwenye kadi ya majini wazi anaruhusiwa kuzamia katika mabonde haya ya nje, kwa sharti moja: asibebe tochi yoyote.

Mara ya kwanza kusikia sharti hilo, wengi hudhani limegeuzwa kichwa chini. Tochi si kifaa cha usalama? Kwa mzamiaji wa pango ndiyo, naye hubeba tatu. Lakini kwa mtu ambaye hajafundishwa, tochi ndiyo inayompeleka mahali asipopaswa kuwa. Bila tochi, giza lenyewe humrudisha nyuma baada ya mapigo machache ya mapezi. Akiwa nayo, kila kona huonekana kuwa na kitu kizuri mbele yake kidogo, na kila mita anayokwenda huonekana salama kama iliyotangulia, hadi anapogeuka na kukuta tope aliloliinua limefuta njia ya kurudi. Sheria hii haimwulizi mtu kama ana hekima. Inaondoa kishawishi, kisha inamwachia hekima aliyo nayo ifanye kazi iliyobaki. Ni sheria rahisi kusimamiwa pia, kwa maana mtu aliyesimama ukingoni huona tochi mkononi mwa mzamiaji kabla hajalowa, ilhali hakuna awezaye kuona uzoefu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wageni wengi hawalitambui. Kamba kuu ya kudumu, ile ya rangi ya dhahabu ambayo wazamiaji wa mapango huifuata, haianzii mlangoni. Imefungwa ndani, mbali na macho ya anayechungulia kutoka nje. Mwenye mafunzo huja na riili yake, yaani kigurudumu kilichozungushiwa kamba, hufunga kamba yake mahali ambapo bado anaweza kupanda juu bila kizuizi, na kuitandaza mpaka aifikie ile kuu. Asiye na mafunzo haoni kamba ya kumkaribisha. Na kabla ya kufika huko kuna lile bango mashuhuri lenye picha ya Mauti aliyevaa joho, linalotangaza kwamba zaidi ya wazamiaji 300, wakiwemo wakufunzi wa majini wazi, wamekufa katika mapango kama hilo, na kwamba hakuna kitu ndani chenye thamani ya kukifia.

Maneno hayo kuhusu wakufunzi ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo, kwa kuwa yanagusa kiini cha suala la kadi. Waliokufa si wote waliokuwa wageni wa maji. Baadhi yao walikuwa na kadi za ngazi za juu, walifundisha wengine, na walikuwa na mamia ya mizamo baharini. Kilichowaua ni imani kwamba ujuzi wa mahali pamoja unahamishika wote kwenda mahali pengine. Mkufunzi wa baharini hajazoea kuogelea bila kuinua tope, kwa sababu baharini tope huchukuliwa na maji. Hajazoea kubana gesi kwa ajili ya kurudi, kwa sababu njia yake ya kurudi ni juu. Kadi isiyo ya aina hii, hata ikiwa ya ngazi ya juu kiasi gani, humpa mwenyewe ujasiri ambao pango halitauheshimu. Ndiyo maana naona ni sawa kabisa kwa mwenye mlango kudai kadi ya pango yenyewe, na kutoyumbishwa na vyeo vingine.

Historia ya dai hilo inaeleweka zaidi ukiijua Florida ya miaka ya 1960 na 1970, wakati vifo vilipokuwa vingi kiasi cha kuzusha vitisho vya kufunga chemchemi kabisa. Wazamiaji wenyewe ndio waliounda vyama vya kufundisha: NACD, chama cha taifa cha uzamiaji wa mapango, mwaka 1968, na kitengo cha uzamiaji cha chama cha wachunguzi wa mapango cha Marekani, NSS-CDS, mwaka 1973. Sheck Exley, mwalimu wa Florida aliyekuwa mzamiaji mkubwa wa mapango wa zama zake, alichambua ajali moja baada ya nyingine, na mwaka 1979 akachapisha kijitabu kilichoonyesha kwamba waliokufa walikuwa wamevunja mambo yale yale machache: hawakuwa na kamba isiyokatika hadi majini wazi, hawakubakiza theluthi mbili za gesi kwa ajili ya kurudi, au walikwenda kina kirefu mno. Baadaye ukosefu wa mafunzo na upungufu wa tochi viliongezwa kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kadi ya pango ilizaliwa kutokana na maiti, na ilianzishwa na watu waliotaka kuendelea kuzamia. Haikutoka kwa serikali. Hata leo, Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimisha mzamiaji wa burudani kuwa na kadi. Anayemlazimisha ni mwenye ardhi, mwenye duka na mwenye bima. Ufaransa, kwa mfano, imechukua njia tofauti, kwani kanuni za serikali yenyewe zinapanga ngazi za wazamiaji wa vituo vya uzamiaji na kuweka kikomo cha mita 60 kwa anayezama kwa hewa ya kawaida.

Hapa ndipo sifa zangu zinapopungua, na lawama si ya bustani hii bali ya mfumo mzima wa kadi. Kadi nyingi hazina tarehe ya mwisho. Mtu aliyefaulu kozi kamili ya pango miaka kumi iliyopita na hajagusa riili tangu hapo, anaonyesha plastiki ile ile sawa na aliyezamia juzi. Chama cha mafunzo ya uzamiaji cha GUE, ambacho makao yake yako hapo hapo High Springs, huwataka watu wake wahuishe kadi zao kila baada ya miaka michache kwa kuonyesha kwamba bado wanazamia, nami sioni sababu ya msingi ya vyama vingine kutofanya hivyo, isipokuwa kwamba mteja anayeambiwa kadi yake imekwisha huhamia kwa mshindani. Tatizo la pili ni ubora wa mkufunzi. Katika mji mwingine, kwenye duka ambalo sitalitaja, niliwahi kuelezwa ratiba ya kozi iliyopangwa kwa siku kamili, na kadi mwishoni mwake, kabla mtu yeyote hajaniona majini. Mkufunzi anayejua tayari kwamba utafaulu siku fulani hakufundishi, anakuuzia karatasi. Wakufunzi bora wa eneo la Ginnie husema wazi kwamba ada ni ya muda wao na si ya kadi, na baadhi ya wanafunzi huondoka bila kadi. Ukimpata anayesema hivyo kabla hujamlipa, shikamana naye.

Kinachofundishwa, kikifundishwa vizuri, kinaonyesha kwamba kadi na wajibu binafsi si maadui kama wabishi wanavyodai. Katika mitaala mingi, mwanafunzi wa ngazi ya utangulizi hutumia sehemu moja tu ya sita ya gesi yake kuingia, hubaki kwenye kamba kuu, na hafanyi mzamo unaodai vituo vya mgandamizo, yaani kusimama njiani wakati wa kupanda. Kwa mitungi miwili yenye shinikizo la bar 200, maana yake ni kugeuka akiwa ametumia bar 33 tu, wakati mwili bado haujachoka na pango ndiyo kwanza linaanza kupendeza. Mwenye kadi kamili anaruhusiwa theluthi. Hakuna afisa anayesimama ndani kusoma geji yake. Sheria inamwekea kikomo, kadi inathibitisha kwamba ameisikia, lakini mkono unaoinua kidole gumba kumwambia mwenzake kwamba mzamo umekwisha ni wake peke yake, na kanuni nzuri kuliko zote za mapango ni ile inayosema kwamba yeyote anaweza kusitisha mzamo wowote, kwa sababu yoyote, bila kuulizwa maswali.

Jambo hilo hilo huonekana kwenye gesi. Wengi huzamia mfumo wa Devil's kwa nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32, ambayo kwa mita 30 hutoa shinikizo la oksijeni la takriban bar 1.28, chini ya kikomo cha 1.4 ambacho wazamiaji wa kiufundi wamekizoea. Mtungi huo huo ukishushwa mita 40 umefika 1.6, na mtungi wa oksijeni tupu, unaokusudiwa kupumuliwa kwenye kituo cha mita 6, unaweza kuleta degedege ukipumuliwa kimakosa chini ya pango. Duka linaloheshimika halijazi nitroksi bila kuona kadi. Hata hivyo kadi haimwambii mtu kilichomo mtungini leo. Hilo linajulikana kwa kupima tu, na mila sahihi ni kwamba mwenye kupumua ndiye anayepima kwa mkono wake, anaandika asilimia, kina cha mwisho na tarehe kwenye utepe wa mtungi, kisha anatia sahihi. Nimewahi kukutana na wazamiaji wenye kadi za kila rangi wanaochukua mtungi na kumwamini aliyejaza. Hao kadi haijawasaidia chochote.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni kuingilia uhuru: mwili ni wangu, hatari ni yangu, nami nimetia sahihi hati ya kukubali hatari. Hoja hiyo ina uzito zaidi ya ambavyo wauza kozi wanapenda kukiri. Exley mwenyewe alikufa mwezi wa Aprili 1994 katika shimo la Zacatón nchini Mexico, akijaribu kufika karibu mita 300, na hakukuwa na chama kilichofundisha mzamo wa aina hiyo. Kila aliyefungua njia mpya alizamia mahali ambapo kadi ilikuwa bado haijachapishwa. Lakini wengi wetu hatufungui njia, tunafuata kamba iliyofungwa na wengine. Na mtu akifa pangoni, hatari haikuwa yake peke yake, kwa maana wazamiaji wa kujitolea wataitwa kwenda kumtoa, mara nyingi katika maji yale yale yaliyovurugika, na mwenye ardhi atafikiria upya kama anataka mlango huo ubaki wazi. Kwa mizani hiyo, kudai kadi mlangoni ni bei ndogo. Ninachokataa ni ile hali ya mtu kuigeuza kadi kuwa jibu la maswali anayopaswa kujiuliza asubuhi ya mzamo.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, mpangilio wa Ginnie una la kutupa, ingawa hatuzamii kwenye mapango kama hayo. Mabaki ya manowari ya Uingereza Pegasus, iliyozamishwa na meli ya Wajerumani Königsberg mwaka 1914 mbele ya mji wa Zanzibar, yako kwenye kina cha karibu mita 40, kina ambacho muda huisha haraka na hewa pia. Hakuna wavu wa nondo huko, na giza si la kutosha kumrudisha mtu. Kinachobaki ni kadi inayoonyeshwa kaunta na kiongozi wa mzamo mwenye ujasiri wa kumkatalia mteja aliyekwisha kulipa. Upande wa pili wapo vijana wanaozama kutafuta majongoo ya bahari kwa mitungi ya kukodi, bila mafunzo wala jedwali la mgandamizo, na baadhi yao wameishia kupooza. Mtu asije akawaambia hao habari za wajibu binafsi. Wajibu humhusu aliyepewa nafasi ya kuijua hatari, nao hawakupewa.

Nikirudi kwenye huduma yenyewe: taratibu za kujiandikisha ni fupi, mzamiaji huonyesha kadi na kutia sahihi hati ya kukubali hatari. Kuna ngazi za kushukia majini, ambazo mtu mwenye mitungi miwili mgongoni atazishukuru, na meza za kupangia vifaa karibu na maji. Maji yana nyuzi 22 za Selsiasi mwaka mzima, kwa hiyo anayetoka Mombasa au Dar es Salaam asidanganywe na jua la Florida. Vazi jembamba la milimita 3 halitoshi kwa mzamo mrefu. Mvua kubwa zikinyesha, mto hupanda na maji yake meusi huweza kuifunika midomo ya pango, hivyo ulizia hali ya maji kabla ya kufunga safari. Nenda siku ya kazi, mapema. Kama una kadi ya kawaida tu, tumia siku yako nzima kwenye Ballroom na mabonde ya nje, ukiacha tochi kwenye gari unapokwenda upande wa Devil's. Kama unafikiria kozi ya pango, anza na ngazi ya kwanza peke yake, ile ya eneo la mwanga wa mchana, kisha urudi nyumbani ukafanye mazoezi kabla ya kununua inayofuata. Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naibakiza mpaka siku kaunta za mapango zitakapoanza kudai, pamoja na kadi, daftari la mizamo ya mwaka uliopita.